Nyumba Iliyosema Hajambo

Maneno yale Sikudhani aliyasikia bombani, asubuhi ya Jumatano, akiwa wa tatu kwenye foleni, na tangu hapo hayakumtoka. Mama Chausiku wa mtaa wa juu ndiye aliyeyaleta, tena bila kunong'ona. Alisema nyumba zilizofungiwa Msikilizaji, mgonjwa akifa anakufa amekunja ngumi. Waosha maiti wanahangaika na vidole. Wanamwaga maji ya uvuguvugu, wanakanda, wapi. Mtu anazikwa hivyo hivyo, ngumi imefumba.

"Wangapi hao?" mmoja akauliza.

"Wawili Kwemsala. Na hapa hapa Kwemhanya, mzee Singano."

"Aa, Singano! Huyo tangu tunamjua ana ngumi. Hata angekufa kwa kucheka angekufa nayo."

Watu wakacheka. Sikudhani naye akacheka, maana usipocheka watakugeukia wewe. Kisha akajitwika ndoo akaondoka, na maji yakamchuruzika shingoni njia nzima, kwa sababu alikuwa anatembea kama mtu anayekimbizwa na hataki ijulikane. Nyumbani kwake Msikilizaji alikuwa na siku ya tisa ukutani. Chini yake alilala Zamda, binti yake wa pekee, miaka ishirini, saratani imemkaa kwenye mfupa wa paja.

*

Kidude chenyewe kilikuwa kama kisosi cheupe kilichobandikwa juu ya kichwa cha kitanda. Kutoka kwenye kisosi ulishuka mrija mwembamba kama uzi wa kushonea mpaka kwenye plasta mkononi mwa Zamda. Humo ndimo ilimopita mofini, dawa ya maumivu. Huduma yote ilikuwa bure: kidude, dawa, plasta, na nesi wa kuja kila baada ya wiki mbili. Hospitali ya mkoa ilipokwisha kusema haina la kufanya, ndiyo iliyowaandikisha. Ilisema mgonjwa atatulizwa nyumbani, kwenye kitanda chake, na wenyewe wa nyumbani watatulizwa naye.

Nesi aliyekuja kukifunga aliitwa Veridiana, dada mrefu mwenye pikipiki ya umeme na haraka nyingi. Alikuwa na nyumba themanini na nne peke yake.

"Wagonjwa wanaficha maumivu," aliwaeleza siku ile, bisibisi mkononi. "Wanaojua ni ninyi mnaolala nao. Kwa hiyo hiki hakimsikilizi mgonjwa tu, kinaisikiliza nyumba nzima. Kinajua sauti ya kila mmoja. Kinasikia mnavyosema juu yake, kinapima, kinatoa dawa ya kumtosha. Hamna cha kubonyeza. Ninyi ongeeni kama kawaida yenu."

Wakaongea kama kawaida yao.

Kawaida yao ilikuwa hii. Mgeni akipiga hodi na kuuliza mgonjwa anaendeleaje, anajibiwa hajambo kidogo, tunamshukuru Mungu. Akiuliza usiku alilalaje, anajibiwa alilala vizuri. Hata kama nyumba nzima imekesha, hata kama mwenye kujibu macho yamemvimba, jibu ni hilo. Nyumba yenye mgonjwa haitamki neno baya, na mgonjwa mwenye adabu haguni mbele ya wageni. Wageni nao walikuwa wengi, maana Zamda alipendwa. Alikuwa fundi wa kuunganisha miche ya michungwa kwenye kitalu cha kijiji, na nusu ya mashamba ya Kwemhanya yalikuwa na miti iliyopita mikononi mwake.

Aliyeishika kawaida hiyo kuliko wote alikuwa Mwanjaa, wifi yake Sikudhani, dada wa marehemu mumewe. Alikuja kutoka Kwemsala kusaidia kuuguza, na alisaidia kweli: anafua, anapika uji, anamgeuza mtoto bila kumtonesha. Lakini ukitamka mbele yake kwamba Zamda leo hali mbaya, anakukatia maneno kama anayekata kucha.

Kwenye uso wa kisosi palikuwa na namba. Siku ya kwanza ilisomeka tatu. Siku ya nne ikawa mbili, Mwanjaa akapiga kigelegele kidogo cha chinichini. Siku ya nane ikawa moja.

"Namba imeshuka, wifi," akasema, akifunga kibwebwe. "Na wewe uache kutembea umejikunja kama embe bovu. Mtoto anapona."

Sikudhani aliamini. Kwa nini asiamini? Alimwambia na Zamda mwenyewe: mvua za vuli zikianza utakuwa kitaluni. Na kila mgeni aliyeingia alioneshwa ile moja, na kila mgeni alisema, loo, alhamdulillahi, hajambo huyu.

*

Sasa alipotoka bombani Jumatano ile, aliweka ndoo chini, akaenda moja kwa moja kitandani. Zamda alikuwa amefumba macho. Kanga aliyojifunika aliivuta mpaka mdomoni.

"Umeamkaje, mama?"

"Sijambo, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Hebu nikutengeneze hii kanga."

Akaivuta. Pindo lilikuwa limelowa. Halikulowa tu, lilikuwa limetafunwa. Pindo lote la upande ule lilikuwa nyuzi tupu, na baadhi ya nyuzi zilikuwa na damu ya ufizi. Sikudhani alilishika pindo hilo kama mtu aliyeokota kitu njiani na hajui mwenyewe ni nani. Akaitazama mikono ya mwanawe. Ilikuwa imekunja ngumi.

Alitoka mpaka nyuma ya jiko, akampigia Veridiana.

*

Veridiana alifika kesho yake saa tano. Aliingia, akamsalimu mgonjwa, akaishika simu yake ya kazi karibu na kisosi mpaka ikalia. Akasoma. Uso ukambadilika.

"Mama Zamda, tuzungumze nje."

Walisimama kule nyuma ya jiko, kwenye kuni, mahali ambapo kidude hakifiki.

"Hiyo namba mnaionaje?" akauliza nesi.

"Imefika moja. Ugonjwa umepungua."

"Ni nani aliyewaambia hiyo ni namba ya ugonjwa?"

Hakuna aliyewaambia. Walijiambia wenyewe.

"Hiyo ni namba ya dawa, mama. Moja ni karibu na hakuna. Mwanao tangu siku ya nne anapata kidogo, na tangu juzi anapata cha kulamba." Akairudia simu yake. "Kwa siku kumi nyumba hii imesema hajambo mara mia tatu na sita."

"Na imesema anaumwa mara ngapi?"

"Mara moja. Siku ya kwanza. Alisema mwenyewe mgonjwa."

Jogoo wa jirani aliwika pale, saa tano ya mchana, na Sikudhani alimsikia mpaka mwisho. Alikuwa anatafuta pa kuyaweka yale maneno na hapaoni.

"Mbona hukutuambia? Ulituambia tuongee kama kawaida yetu."

"Nilisema hivyo," Veridiana alikubali. "Nasema hivyo kila nyumba. Waliokitengeneza walikifundisha kwa sauti za watu wanaotaja maumivu. Hakijui kwamba hajambo yenu ni salamu."

"Basi ipandishe. Si unayo hiyo simu?"

"Hii inasoma tu. Nikiandika makao makuu watachukua wiki mbili. Lakini ninyi mnaweza. Kidude kimeshamwandika kuwa anapona, na anayepona hapewi mofini. Kinatoka hapo kwa njia moja. Mtu wa nyumbani aseme kwa sauti kwamba mgonjwa anaumwa na haponi. Hapo kitauliza swali la mwisho: je, mgonjwa huyu anaumwa na anakaribia kufa? Wajibu watu wazima wawili wa nyumba hii, wote waseme ndiyo. Kuna mahali ndugu walimlaza kwa dawa hii mzee wao wasiyemtaka, ndiyo maana wanataka wawili."

"Kitauliza kwa sauti? Pale pale kitandani?"

"Pale pale."

"Na yeye mwenyewe anasikia?"

"Anasikia. Sauti yake haihesabiwi, lakini anasikia. Wakisema ndiyo inapanda tano. Maumivu yataondoka, mama, hilo nakuhakikishia. Ila kwa tano atalala sana. Ataamka kidogo, pengine asiamke. Kuzungumza naye kama hivi mnavyozungumza, hapana tena." Akavaa helmeti. "Usichelewe."

*

Alichelewa.

Hapa ndipo wengi wanapomhukumu Sikudhani, na wahukumu. Alirudi chumbani na nia yake, mdomo umeshafunguka, na Zamda akamtazama akasema:

"Mama, hivi hicho kisosi kinasikia kila kitu?"

"Kila kitu."

"Hata mtu akijamba?"

"Kinasikia, na kinaandika."

"Basi shangazi ameshajaza daftari."

Wakacheka, mama na mwana, wakicheka kwa kuzibana pua ili Mwanjaa asiwasikie kule uani. Kicheko kilipokwisha Zamda akavuta kanga mdomoni, akageukia ukutani, na mgongo wake ukawa unatetemeka. Sikudhani aliuona. Akajiambia: kesho. Kesho ni Ijumaa, siku nzuri haifai kwa jambo kama hili. Ngoja Ijumaa ipite.

Kumwambia mtoto uliyemzaa, kwa kinywa chako, kwamba anakufa. Halafu umlaze, na sauti yake usiisikie tena. Sikudhani aliipima hivi, akaipima vile. Upande mmoja aliweka maumivu ya mwanawe, upande wa pili akaweka sauti yake, na siku mbili nzima alikuwa anaegemea kwenye sauti. Alimlisha uji. Alimsuka nywele. Alimwuliza habari za kitaluni, ni mche upi unashika upesi, kisu kinashikwaje, mambo ambayo hajawahi kuyauliza maishani, ili tu aendelee kusema. Zamda alimjibu yote. Alijibu akikata maneno katikati, akingoja kitu kipite, kisha akimalizia. Na wageni wa Ijumaa, baada ya sala, walikuja wengi kuliko siku zote, na wote walisema hajambo.

*

Jumamosi saa nne asubuhi pindo la pili la kanga nalo lilikuwa limekwisha.

Sikudhani alisimama katikati ya chumba akautazama ukuta. Hakuwa amewahi kuzungumza na kile kidude uso kwa uso.

"Wewe," akasema. Akakohoa. "Mwanangu anaumwa. Anaumwa sana. Haponi."

Kisosi kikawaka rangi ya machungwa. Sauti iliyotoka ilikuwa ya mwanamke mpole, kama anayesoma taarifa ya habari.

"Nimesikia taarifa tofauti. Nyumba hii imesema hajambo mara mia tatu na sabini. Naomba kuthibitisha. Je, mgonjwa huyu anaumwa na anakaribia kufa? Wajibu watu wazima wawili wa nyumba hii."

"Ndiyo," akasema Sikudhani. Hakumtazama Zamda. Alitazama miguu yake mwenyewe.

Mwanjaa aliingia mbio, mikono ina povu la sabuni.

"Nini hicho? Kimesema nini hicho kidude? Hapana! Hapana! Mtoto hajambo!"

"Jibu moja ndiyo, jibu moja hapana. Nitauliza tena baada ya dakika kumi. Majibu yakitofautiana mara tatu, swali litafungwa kwa siku saba."

"Wifi, nakuomba—"

"Unaniomba nini? Unamwombea mwanao kifo mbele yangu? Kaka yangu aliniachia hii nyumba niwe natazama tu?"

"Namba ile ni ya dawa, wifi! Si ya ugonjwa! Tumemnyima dawa kwa midomo yetu!"

"Dawa gani ya kumwambia mtu anakufa? Angalia anavyokutumbulia macho. Umemuua wewe, si ugonjwa."

Kweli Zamda alikuwa ametoa macho. Dakika kumi zikapita hivyo, Sikudhani akieleza na Mwanjaa akitikisa kichwa na kufuta povu kwenye nguo. Kidude kikauliza mara ya pili. Sikudhani akasema ndiyo. Mwanjaa akasema hapana, akasema na kuongeza, hapana na ulaaniwe.

Zilipobaki kama dakika mbili kufika mara ya tatu, sauti ikatoka kitandani. Haikuwa sauti ya Zamda waliyoizoea. Ilikuwa nzito, kama ya mtu mzima anayebeba gunia.

"Shangazi. Naumia."

"Mwanangu, tulia, hujambo—"

"Shangazi, naumia! Naumia, naumia, naumia! Nilikuwa natafuna kanga usinisikie!"

Akalia. Mtoto ambaye hakuguna mbele ya mgeni hata mmoja alilia mdomo wazi, kamasi zinamtoka, akaupiga ukuta kwa kiganja. Waliokuwa wanapita barabarani walisimama. Mwanjaa alirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa mlango. Alinyanyua mikono yake yenye povu kama anayetaka kuziba masikio, asizibe.

"Je, mgonjwa huyu anaumwa na anakaribia kufa?"

"Ndiyo," akasema Sikudhani.

Mwanjaa aligeuka, akaweka paji la uso kwenye mlango, na alisema akiuambia mlango.

"Ndiyo."

Namba ikaruka mpaka tano.

Haikuchukua muda. Kilio kikawa kwikwi, kwikwi ikawa pumzi. Sikudhani alipiga magoti kando ya kitanda.

"Nisamehe, mama. Nisamehe kwa ulivyosikia."

"Nilijua," Zamda akasema, ulimi umeshaanza kuwa mzito. "Tangu hospitali. Daktari alikuwa anaongea kwa sauti."

"Mbona hukuniambia unaumwa?"

"Wewe ulikuwa unasema sijambo. Ningekubishia?"

Akafumba macho. Baadaye akasema maumivu yanashuka, kama maji ya moto yanatoka kwenye mfupa. Hilo ndilo lilikuwa neno lake la mwisho lililoeleweka. Alifariki Jumanne asubuhi, usingizini. Vidole vyake vilifunguka vyepesi, na mama yake alivikunjua kimoja kimoja hata visivyohitaji kukunjuliwa.

*

Veridiana alikuja kukibandua kidude siku ya nne ya matanga. Watu walikuwa wamejaa mpaka barazani. Aliiweka simu karibu na kisosi, ikalia, na safari hii alisoma akiwa amejiinamia.

"Kinasemaje?" Sikudhani akamuuliza.

"Mama, acha tu."

"Soma."

Nesi akasoma taratibu. "Mgonjwa alipumzika kwa amani. Familia imeridhika. Siku za maumivu: sifuri."

"Sifuri?"

"Kilikuwa bado kinasikiliza. Tangu Jumanne waliokuja kuhani wote wamesema amepumzika vizuri, ameondoka salama. Ukaulizwa na wewe, ukasema tunashukuru. Hayo ndiyo yanayofunga taarifa, yamefuta ya nyuma."

Sikudhani alikumbuka. Aliulizwa na watu zaidi ya mia, na wote aliwajibu tunashukuru. Ungewajibu nini watu waliokuja kukushika mkono?

"Kirudishe ukutani. Niseme sasa hivi. Niseme yote."

"Kimeshafunga, mama. Taarifa imekwenda." Veridiana alikiviringisha kile kisosi ndani ya kitambaa. Alikuwa analia bila kutoa sauti. "Hizi taarifa ndizo zinazofundisha vingine. Kesho nafunga kumi na mbili, Kwemsala na kule bondeni. Vyote vitakuwa vimejifunza kwako."

Sikudhani alikaa. Kisha aliinuka katikati ya watu, akaingia ndani, akachana karatasi mbili za daftari. Aliishia darasa la saba na mwandiko wake ulikuwa mkubwa, lakini unasomeka. Mwanjaa alimshikia taa ya simu, maana chumba kilikuwa kimefungwa madirisha, na alipofika mahali fulani Mwanjaa akamwambia, ongeza na la mawifi. Alasiri ile ile, kabla ya matanga kwisha, jambo ambalo mfiwa hafanyi, alitoka akabandika karatasi bombani, pale ambapo kila mwenye ndoo lazima asimame.

Mwenye Msikilizaji nyumbani, epuka haya:

Usijibu hajambo chumbani kwa mgonjwa. Mtoe mgeni nje, mjibu huko.

Usiseme alilala kama hakulala.

Usifurahie namba ikishuka. Ni dawa hiyo inashuka.

Usimsifu mgonjwa kwa kunyamaza.

Usimwulize anaumwaje mbele ya shangazi, wifi wala mkwe. Mwulize mkiwa wawili, na uangalie pindo la kanga.

Usingoje wiki mbili za nesi. Piga simu.

Usimfiche analolijua.

Usingoje Ijumaa ipite.

Mgonjwa akifa, usiseme tunashukuru kabla kidude hakijatolewa ukutani. Sema kwanza alivyoumwa, na useme siku.

Usimwambie mtu yeyote kwamba Zamda Mhina alikufa vizuri. Aliumwa siku tisa, na mbili kati ya hizo mama yake alikuwa anajua.